Mpangaji wa Chumba cha Tatu

Jumatano asubuhi Matonya alimkuta Bi Mwanahawa ameketi kwenye kigoda langoni kwake, anachambua choroko bila kuziangalia. Choroko na mawe vyote vilikuwa vinaingia chungu kimoja.

"Shikamoo, mzee Matonya."

"Marahaba, bibi. Amelala vipi mdogo wako?"

"Na mnyororo shingoni. Nimempelekea uji, askari kaunywa yeye."

Shaaban, mdogo wake Bi Mwanahawa, alikamatwa kwa sababu ya kipande cha waya wa shaba, kifupi kama kidole, kilichookotwa uani kwa dada yake. Waya wa simu ulikuwa umekatwa karibu na Ihumwa, mzigo wa mtu mzima, na boma la serikali lilitaka mtu. Akida, mkubwa aliyewekwa na boma juu ya mji, hakutafuta zaidi. Alisema wafungwa wataondoka Ijumaa kwenda kuchonga barabara ya Kilimatinde, na Shaaban atakuwa mmoja wao, isipokuwa kama dada yake ataleta mwizi mwingine. Alisema hivyo hivyo: mwizi mwingine. Waliopelekwa kuchonga barabara ile mwaka uliopita walirudi wachache, na akida hakuwa mmoja wa waliokwenda.

Matonya alikuwa Mgogo wa Bahi, na kazi yake ilikuwa kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Zamani alifuata nyayo kwa ajili ya boma pia. Kisha boma likamchukua kwa nguvu kujenga tuta la reli, na aliporudi alikuta kaburi la mkewe limeshaota majani. Tangu hapo alifanya kazi za watu tu. Watu walimlipa mbuzi, wasio na mbuzi walimlipa kuku. Safari hii Bi Mwanahawa hakuwa hata na kuku, maana askari waliokuja kupekua nyumba waliondoka nao.

"Nieleze tena habari za yule mpangaji wako, Yoramu," alisema Matonya, akakaa chini.

"Si nimeshakueleza?"

"Nieleze kama sikusikia."

Nyumba ile ilikuwa tembe, vyumba vitano vya udongo vikizunguka ua, paa bapa la udongo juu yake, karibu na stesheni. Mfanyabiashara wa Kondoa aliijenga, akafa, akamwachia mkewe, Bi Mwanahawa. Reli ilipopita, boma lilileta watu wa kazi bila kuwajengea hata kibanda cha kuku. Kisha likatoa amri kwamba mwenye nyumba atajibu kwa kila mtu anayelala kwake. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyogawana kazi na sisi: wao watoe amri, sisi tutoe shingo.

"Yoramu alikaa chumba cha tatu," alisema Bi Mwanahawa. "Mpangaji mwema, sikufichi. Hakunisumbua kwa kodi wala kwa kelele. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebanduka, basi mkewe akaukandika upya, laini kama sahani. Siku ya pili wakaaga, wakapanda gari la moshi kwenda Tabora. Kesho yake ndiyo askari wakaja. Sasa mtu anayekandika ukuta anaouacha, utamwita mwizi?"

"Walipanda na mzigo gani?"

"Yeye fimbo na mkeka. Mke alibeba chungu. Askari wa stesheni waliwapekua mpaka ndani ya chungu."

"Basi waya haukupanda gari la moshi," alisema Matonya. "Na kwenye njia zote, tangu siku ulipokatwa, kila mzigo unafunguliwa. Shaba ile si ugoro, mtu aifunge kwenye pindo la nguo. Uko hapa hapa."

"Hapa wapi? Askari wamemwaga mtama wangu, wamechimba sakafu. Wewe mwenyewe jana umepanda mpaka paani."

"Nimepanda, sikuona kitu. Lakini kama upo, mwenyewe atautaka. Atatuma mtu, na mtu huyo hatakuja kuomba waya. Ataomba chumba. Umetangaza?"

"Sokoni na stesheni. Watatu wamesema watakuja leo."

"Wapokee kama siku zote. Waulize kama siku zote. Mimi ni mzee anayechonga mpini wa jembe."

"Siku zote nauliza neno moja kwanza," alisema Bi Mwanahawa. "Nani anakujua hapa mjini? Asiyejulikana na mtu simchukui. Boma likija kuniuliza, nitamtaja nani?"

"Uliza hilo hilo."

Wa kwanza alikuja jua likiwa bado halijachoma. Aliitwa Seth, kijana wa Haneti, amevaa shati la misheni lililobana mabega. Alitaka kazi ya kupakua mizigo stesheni.

"Nani anakujua hapa mjini?"

"Mwalimu wa misheni, mama. Na Mungu."

"Mungu hakai Dodoma siku hizi," alisema Matonya bila kuinua kichwa kwenye mpini wake. "Angekaa, akida angeshampa jembe."

Seth hakujua acheke au asicheke. Aliingia chumba cha tatu, akasimama katikati, akainua uso.

"Bibi, hapa kwenye kona pana tundu. Naiona mbingu."

"Mbingu si ndiyo mnayoitafuta nyinyi watu wa misheni?"

"Tunaitafuta, lakini si kitandani. Mvua ikianza nitalala wapi?"

Alipoinua mkono kuonyesha tundu, mkono wa shati ulipanda, na Bi Mwanahawa akaona bangili. Ilikuwa ya shaba. Alimgeukia Matonya. Matonya aliweka mpini chini, akaingia, akamshika kijana mkono kama mtu anayemsalimu mjukuu.

"Bangili nzuri. Ivue niione."

"Haivuki, babu. Nilivalishwa nikiwa mdogo, mkono umekua."

Matonya aliizungusha. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa laini na nyeupe, haijaona jua miaka mingi. Upande wa ndani shaba ilikuwa imelika kwa kusugua mfupa. Alijaribu kuivuta, ikagota kwenye gumba.

"Hii ni ya zamani kuliko reli," alisema, akamwachia. "Nenda, mwanangu. Utajibiwa kesho."

"Mkiziba tundu nakuja. Msipoliziba, wala msiniite," alisema Seth, akaenda zake.

Bi Mwanahawa alikaa chini. "Moyo wangu ulishasimama."

"Uache uende. Bado wawili."

Wa pili alikuwa mwanamke, Sikudhani, amebeba vyungu vitatu kichwani, kimoja juu ya kingine, wala hakuvishika. Alitaka kuuza uji kwa wasafiri wa gari la moshi.

"Nani anakujua hapa mjini?"

"Hanijui mtu, dada. Nimefika jana kutoka Kondoa kwa miguu yangu."

"Kondoa ya wapi?"

"Ya milimani. Kule ambako maji hayana chumvi. Haya ya kwenu nimeyanywa jana, mpaka leo nalamba midomo kama mbuzi."

Bi Mwanahawa alitaka kucheka, akajizuia. Alimwonyesha chumba. Sikudhani alisimama mlangoni tu, vyungu vikiwa kichwani, akazungusha macho juu polepole ili visianguke.

"Paa hili litaniongezea maji kwenye uji. Nani analiziba hapa?"

"Alikuwa analiziba mdogo wangu. Hayupo."

"Kafa?"

"Kakamatwa."

"Pole. Afadhali angekufa, angezikwa," alisema Sikudhani, kisha akaona alichosema. "Nisamehe, dada. Mdomo wangu hutangulia."

"Sichukui mtu asiyejulikana," alisema Bi Mwanahawa.

"Kwani wewe ulipofika hapa ulijulikana na nani?"

"Na mume wangu."

"Basi nitafutie mume, nirudi naye," alisema Sikudhani, akageuka na vyungu vyake. Hata kimoja hakikulia.

Wa tatu alichelewa. Alikuja mchana, amevaa koti la kaki na viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa safi kama vile barabara imemkwepa. Alijitaja kwa jina la Bartolomayo.

"Nani anakujua hapa mjini?"

"Akida ananijua."

Bi Mwanahawa alisimama kutoka kwenye kigoda chake. Mtu anayejulikana na akida huwezi kumjibu umekaa. Matonya aliendelea kuchonga.

Bartolomayo aliingia chumba cha tatu bila kuonyeshwa ni kipi. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma, akaupitishia kiganja kutoka kona hii hadi kona ile.

"Chumba kizuri, mama. Nakichukua."

"Hujauliza kodi."

"Utakayosema. Ukuta tu ndio sijaupenda, nitaukandika mwenyewe. Wala sikudai kitu."

Bi Mwanahawa alimwangalia Matonya, uso umefunguka. Katika miaka yote ya kupangisha hakuwahi kupata mpangaji wa namna ile.

"Una mke?" aliuliza Matonya kutoka uani.

"Sina, mzee."

"Dada? Shangazi?"

"Niko peke yangu."

"Pale pembeni kuna chumba cha nne. Ukuta wake mzima, na hakivuji. Kwa nini ujichoshe?"

"Nimeshakizoea hiki."

"Hata hujakaa."

"Macho yamekizoea," alisema Bartolomayo, akacheka peke yake.

Matonya alimwambia Bi Mwanahawa kwa sauti ya uchovu, kama mzee anayejiingiza katika mambo yasiyomhusu: "Si useme wale wanawake wa jirani waje asubuhi, wambandulie udongo wote huo, wamkandikie vizuri? Mtu wa akida huyu."

"Hapana!" Bartolomayo aligeuka haraka. Kisha akalainisha sauti. "Hapana, mzee wangu. Msijisumbue. Nitaufanya mwenyewe. Kesho nahamia."

Alipoondoka, Bi Mwanahawa alifunga lango.

"Ni yeye," alisema.

"Ni yeye," alisema Matonya.

"Mpangaji hasa. Hana maneno, hana watoto, na akida..."

"Mwizi, bibi. Nasema ni yeye mwizi."

Bi Mwanahawa aligeuka kuangalia mlango wa chumba cha tatu.

"Tuko mwezi gani?" aliuliza Matonya. "Mawingu yale unayaona. Mtu anayetafuta pa kulala huangalia nini kwanza?"

"Paa."

"Kijana wa Haneti aliangalia paa. Yule mwanamke aliangalia paa na vyungu vitatu kichwani. Huyu ndani kuna tundu unaweza kupitisha ngumi, na hakuinua uso hata mara moja. Alishika ukuta. Sasa niambie, kwetu sisi, kukandika ndani ni kazi ya nani?"

"Ya wanawake."

"Mwanamume akiwa hana mke ataomba dada, ataomba jirani, atalala na ukuta uliobanduka mpaka aoe. Hawezi kujitangaza kwa mwenye nyumba kwamba ataingiza mikono kwenye tope. Na huyu ana koti na viatu! Halafu ukuta wenyewe umekandikwa juzi juzi, laini kama sahani, wewe ndiye uliyesema. Una kasoro gani? Kazi ya mke wa Yoramu haikuwa wema. Fito za ukuta zimefungwa kwa waya wa simu badala ya kamba, na udongo ukapakwa juu. Askari walichimba chini. Mimi nilipanda juu. Sote tuliuegemea ukuta tukiwa tunatafuta."

Bi Mwanahawa alishachukua jembe. Matonya alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kubomoa! Ijumaa si keshokutwa?"

"Ubomoe, uutoe, umpelekee akida. Atasema nini?"

Jembe lilishuka taratibu.

"Atasema umetoka nyumbani kwangu," alisema.

"Atasema dada kauficha na mdogo kauiba. Mtafungwa mnyororo mmoja. Yule hataki kujua waya umefikaje ukutani. Anataka shingo, na wewe utakuwa umempelekea ya pili kwa miguu yako."

"Sasa nifanye nini, mzee Matonya?"

"Mpe chumba."

Alhamisi Bartolomayo alihamia. Hakuja na chungu, wala kuni, wala kibuyu cha maji. Alikuja na mkeka mmoja, na ndani ya mkeka kulikuwa na sururu. Bi Mwanahawa alimkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, akampa maji ya kunawa. Kisha akasema anakwenda stesheni kuuza choroko, maana gari la moshi la kutoka pwani linaingia alasiri, na kila mtu wa mtaa ule alikuwa anakwenda huko.

Matonya alikuwa amekwenda asubuhi kumtafuta Silvano, mnyapara wa simu, mtu wa kutembea na ngazi begani kukagua waya kutoka nguzo hadi nguzo. Hakumwendea kwa sababu ya wema wake. Alimwendea kwa sababu kila waya unapokatwa Silvano ndiye anayelala kifudifudi bomani akahesabiwa viboko hamsa ishirini, kana kwamba usiku anaweza kulala kwenye kila nguzo.

"Kama unanidanganya, mzee," Silvano alisema, "nitakupiga mwenyewe."

"Mgongo wako umepona?"

"Bado."

"Basi njoo na ngazi yako."

Gari la moshi lilipopiga honi mbali, upande wa Ihumwa, mtaa ulikuwa umebaki na mbwa. Silvano aliegemeza ngazi nyuma ya nyumba. Wakapanda paani, wakalala juu ya udongo wenye joto, na Matonya akasogea kwa tumbo mpaka kwenye tundu la kona. Ndani kulikuwa na giza, kisha macho yakazoea.

Bartolomayo alikuwa amevua koti na kulitundika vizuri. Alianza kupiga ukuta kwa ncha ya sururu, polepole, halafu honi ilipolia tena akapiga kwa nguvu. Bamba la udongo likaanguka. Nyuma yake zilionekana fito, na kila palipopita kamba kwenye ukuta wa mtu mwingine, hapa pamepita waya, umezungushwa mara nyingi, unang'aa.

Matonya alisogea pembeni, akampa Silvano nafasi.

Silvano aliangalia muda mrefu.

"Huo ni waya wangu," alinong'ona. "Wallahi, huo ni mgongo wangu."

"Ngoja aufungue. Ngoja aukunje. Ushike ukiwa mkononi mwake."

Wakangoja. Bartolomayo alifungua waya fito baada ya fito, akaukunja kuwa duara, akaupitisha begani. Silvano hakuweza kungoja tena, akajivuta mbele ili aone vizuri, na ukingo wa tundu ukamomonyoka. Udongo ulimwagika ndani, juu ya kichwa cha Bartolomayo.

Ndipo alipoangalia juu.

Aliona jicho la Silvano. Aliruka mlangoni na waya begani, na mlangoni alimkuta Bi Mwanahawa, ambaye hakwenda stesheni wala hakuwa na choroko, ila mchi wa kinu. Nyuma yake walikuwa wanawake wa jirani waliokuwa wamejificha jikoni, kila mmoja na wake.

"Unahama mapema hivi, mpangaji wangu?" alisema Bi Mwanahawa. "Hata maji hujanywa."

Hawakumpeleka kwa akida. Silvano aliwaongoza kwa Mzungu wa simu, ambaye alikuwa stesheni, mbele ya wasafiri na wauza ndizi na askari. Mzungu hakumwuliza mtu jina. Aliushika waya, akapima unene kwa vidole, akatoa kile kipande kilichookotwa uani, akakilinganisha, akasema neno kwa lugha yake. Kisha akatuma akida aitwe.

Akida alikuja na fimbo yake na mwavuli wake.

"Bwana akida," alisema Bartolomayo haraka, huku amepigishwa magoti. "Bwana akida, waambie. Wewe unanijua."

Watu walisogea karibu. Akida alimwangalia mtu yule tangu kwenye viatu mpaka kwenye udongo wa nyweleni.

"Simjui mtu huyu," alisema.

Matonya alikuwa amesimama kando. Aliona jinsi Bartolomayo alivyofumba mdomo, kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba anayoijua. Kisha akamwangalia akida chini ya mwavuli wake. Yoramu bado alikuwa Tabora, na mambo mengine yanahitaji mwendo mrefu kuliko wa siku moja.

Shaaban alifunguliwa jua linazama. Hakuna aliyemwambia pole. Pete ya chuma iliyotoka shingoni kwake haikupata hata kupoa, ikafungwa kwenye shingo ya Bartolomayo, maana wafungwa lazima watimie asubuhi. Bi Mwanahawa aliuliza habari za kuku wake. Askari wakacheka.

Waliporudi nyumbani, Shaaban akishika ukuta kila hatua chache, walimkuta Sikudhani ameketi nje ya lango juu ya mzigo wake wa nguo, vyungu vitatu vimepangwa mbele yake.

"Nimesikia chumba kiko wazi," alisema. "Na nimesikia kina ukuta nusu. Mume sikumpata."

Bi Mwanahawa alimtanguliza Shaaban ndani, kisha akarudi, akasimama mbele ya yule mwanamke.

"Nani anakujua hapa mjini?"

Sikudhani alianza kukusanya vyungu vyake. "Dada, si nimekuambia? Hanijui mtu. Hata huyo akida wenu hanijui."

Bi Mwanahawa alichukua chungu cha juu, akakiweka kichwani kwake mwenyewe, akasukuma lango kwa mguu.

"Ingia," alisema.